Siku Zilizotiwa Tiki Kabla

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa udereva alisimama chooni kwake akitazama chini. Aliona damu. Haikuwa nyingi, labda kijiko kidogo, lakini haikuwa juu juu. Ilikuwa imechanganyika na choo chenyewe. Alimwaga maji mara mbili. Kisha akanawa mikono, akachukua daftari lililokaa kwenye dirisha dogo la choo pamoja na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi.

Daftari hilo lilikuwa la hospitali. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na maswali yale yale: umeenda choo mara ngapi, tumbo limeuma kiasi gani kati ya sifuri na kumi, choo kinafanana na picha ipi kati ya saba zilizochorwa kwenye jalada, umeshindwa kujizuia, umeona damu. Alifungua ukurasa wa Jumanne akakuta umeshajazwa. Swali la mwisho lilikuwa na tiki safi kwenye "hapana". Jumatano hapana. Alhamisi hapana. Alikuwa amejaza wiki nzima Jumapili mchana akiwa amejinyoosha kitini, kalamu ikiteremka yenyewe.

Akafunga daftari, akalirudisha dirishani, akaenda kazini.

Mimi ni karani wa shule hiyo ya udereva. Natunza kadi za wanafunzi, na kwa miaka kumi na mmoja meza yangu imetazamana na kiti chake. Mengine ya habari hii niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, na alitaka yaandikwe.

Sisi tunamwita Breki. Gari la kufundishia lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wake umeizoea mno hata akiwa ofisini. Gari likipita kasi nje, utamwona akikanyaga sakafu. Ni mtu wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, shati lake halitoki nje ya suruali. Alianza kama utingo wa lori, akapanda kuwa dereva, akaacha lori kwa sababu ya tumbo. Lilianza alipokuwa na thelathini na kitu. Siku mbili linamharisha, siku nne linafunga, katikati linasokota na kunguruma hadi aliyekaa kando yake anageuka. Lori halina huruma na mtu wa namna hiyo. Unaweza kuendesha saa tatu bila kuona hata kibanda. Shule ya udereva ilimwokoa, maana mwalimu huchagua njia mwenyewe.

Njia aliyochagua ilikuwa moja. Wanafunzi wake wote walipita kituo cha mafuta, maktaba, ofisi ya ardhi, hospitali ya macho, kisha wakarudi. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya taa za barabarani. Ilinichukua miaka kujua kwamba kila mahali hapo pana choo, na kwamba walinzi wote wanne ni marafiki zake.

Kuna jambo moja zaidi la kusema kabla sijaendelea. Kaka yake mkubwa, fundi seremala, alifariki miaka minne nyuma. Zaidi ya mwaka mzima alitoka damu na kusema ni bawasiri. Aliweka sponji juu ya kiti chake cha kazi, akaendelea kupiga randa. Siku aliyokubali kwenda hospitali ni Breki aliyempeleka, na daktari alipowaambia kwamba uvimbe umeziba utumbo mpana na umeshafika kwenye ini, kaka alimshika mkono. "Mdogo wangu, nyumbani sema ini. Ini tu. Hayo mengine ni aibu." Breki akakubali. Shemeji yake akaambiwa ini, watoto wakaambiwa ini, na hata mke wa Breki akaambiwa ini.

Kwa hiyo Jumanne ile alijua alichokiona.

Utafiti uliompa daftari lile alikuwa ameingia wiki tisa kabla. Hospitali ilitafuta watu wenye tumbo kama lake, linalosumbua miaka bila vipimo kuonyesha kitu. Nusu yao wangepewa vidonge vyenye dawa, nusu vidonge vinavyofanana kabisa lakini havina kitu ndani, na wala mgonjwa wala muuguzi asingejua nani kapata vipi. Breki alifurahi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kulikuwa na watu wenye elimu waliotaka kusikia habari za tumbo lake, tena kila siku, tena kwa maandishi.

Siku ya kwanza alipewa fomu ya maswali kumi na tisa. Umepungua uzito? Una homa? Umeona damu? Kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani ya utumbo? Aliteremsha tiki za "hapana" kutoka juu hadi chini, mstari ulionyooka kama rula, vile vile anavyojaza kadi za wanafunzi. Kwenye swali la ndugu, anasema, kalamu ilipunguza mwendo kama gari kwenye tuta, kisha ikapita. Alikuwa amesikia kwenye benchi kwamba wanaojibu ndiyo wanapelekwa kwanza kwenye kipimo cha kamera. Hakutaka kuingizwa kamera, na zaidi hakutaka kamera ione.

Jumatano asubuhi damu ilirudi. Alikaa chooni akikumbuka kila alichokula tangu Jumapili, akitafuta chochote chekundu. Hakukuwa na nyanya wala kinywaji cha rangi. Mkewe, ambaye hushona mapazia pale pale nyumbani, aligonga mlango.

"Baba watoto, wamekupa ofisi humo?"

"Natoka."

"Kama wamekupa ofisi waambie wakuwekee na simu."

Alicheka ili asikike anacheka. Kisha akajisemea kwa sauti ndogo, "Ni bawasiri tu," na nywele zikamsimama. Ilikuwa sauti ya kaka yake, neno kwa neno.

Alhamisi alikuwa na somo la mwanafunzi tunayemwita Mkunga. Mama huyu ana miaka hamsini na minane, amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na mmoja, na ameamua kujifunza kuendesha kabla hajastaafu. Ana mdomo mwepesi na macho mazito. Walisimama kituo cha mafuta, Breki akaingia chooni, akarudi amepauka. Akamkuta Mkunga ameshika kadi yake ya masomo.

"Mwalimu, hapa pameandikwa kuondoa gari mlimani. Na tiki ipo. Mlima gani huo? Au nilipanda nikiwa nimelala?"

"Tutafanya, mama. Nimeweka tu ili kadi isichelewe."

"Kwa nini hatujawahi kwenda ule mlima wa tangi la maji? Kila siku maktaba, ofisi ya ardhi, maktaba, ofisi ya ardhi. Mimi nitakuwa dereva wa vyooni."

Breki hakucheka. Mkunga akaweka kadi kwenye dashibodi.

"Nikwambie kitu. Mwanafunzi wangu akiandika mapigo ya moyo wa mtoto kabla hajasikiliza, namtoa chumbani siku hiyo hiyo. Hii tiki yako, gari likianza kurudi nyuma na kuna mtu nyuma, itakanyaga breki?"

Gari la nyuma likapiga honi. Wakasogea pembeni.

"Mama, nina rafiki yangu," akasema.

"Enhe."

"Anatoka damu kidogo. Chooni. Lazima itakuwa bawasiri."

"Lazima? Nani kaangalia?"

"Hakuna."

"Basi si lazima. Rafiki yako ana miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili."

"Ana jina la utani?"

Breki alitazama nje. Mkunga hakusubiri jibu, akaingiza gia ya kwanza.

"Mwambie kwamba mimi damu siiogopi. Nimeioga. Namwogopa mtu anayeificha. Haya, kioo, indiketa, tuondoke."

Siku iliyofuata, Ijumaa, ilikuwa siku yake ya kwenda hospitali kwa utafiti. Asubuhi damu ilikuwepo tena. Alisafiri na daftari kwenye bahasha ya kaki, na anasema bahasha hiyo ilikuwa nzito kama jeki.

Chumba cha utafiti ni namba tisa, mwisho wa korido ya wagonjwa wa nje. Kina mizani, friji ndogo iliyobandikwa karatasi "SI YA CHAKULA", kabati la chuma lenye kufuli, na bango la zile picha saba ukutani, kubwa, mbele kabisa ya kiti cha mgonjwa. Muuguzi wa utafiti ni dada wa miaka thelathini hivi, mpole, anayehesabu vidonge vilivyobaki kwa kijiti cha plastiki, vitano vitano.

"Vinne. Sawasawa kabisa. Baba, wewe ndiye mgonjwa wangu msafi kuliko wote. Kuna watu wananiletea madaftari yana mafuta ya kupikia."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alisema, "Asante, sista."

Alipanda mizani. Alikuwa amepungua kilo tatu tangu wiki ya kwanza. Muuguzi aliandika, akasita, akaandika tena. Kisha akanyoosha mkono kwa daftari. Breki alilisukuma mezani, lakini kiganja chake kikabaki juu yake.

"Baba, uliachie basi."

"Sista, mtu akikosea humu anafuta?"

"Hafuti. Tulikufundisha siku ya kwanza. Unapiga mstari mmoja, lile jibu la mwanzo libaki linasomeka. Unaandika la kweli pembeni, tarehe ya leo, na herufi za jina lako. Umekosea wapi?"

"Jumanne."

Alichukua kalamu. Mstari wa kwanza ulitoboa karatasi. Aliandika "ndiyo" pembeni ya tiki ya Jumanne, tarehe, herufi mbili. Akageuza ukurasa, Jumatano. Akageuza, Alhamisi. Akageuza, Ijumaa. Jasho lilimdondoka kwenye karatasi, akalifuta kwa kiwiko. Aligeuza tena bila kufikiri, na muuguzi akainama.

"Baba. Hii ni Jumamosi."

"Ndiyo."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo, sista."

"Umeandika utaenda choo mara mbili, picha ya nne, maumivu matatu." Alikaribia kucheka, kisha akamtazama usoni akaacha. "Umejaza zote namna hii?"

"Si zote. Nyingi."

Muuguzi alivua miwani. Hakupandisha sauti, na Breki anasema heri angefoka.

"Hizi namba tunapeleka mahali, baba. Watu watazisoma waamue kama dawa hii ni salama. Mtu mwingine mwenye tumbo kama lako atapewa vidonge hivi kwa sababu wewe uliandika hapana kabla siku yenyewe haijafika."

"Najua."

"Ulikuwa hujui. Sasa ndiyo umejua."

Alikubali. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, aliuliza kama ile fomu ya kwanza bado ipo. Muuguzi akafungua kabati, akatoa jalada. Swali la kumi na moja. Breki alipiga mstari mmoja juu ya tiki, akaandika pembeni: "Kaka. Utumbo mpana." Ilikuwa mara ya kwanza kuyaandika maneno hayo, na hakuwahi kuyatamka tangu siku ile ya hospitali. Alipomaliza, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu bila kuambiwa.

"Mtanifukuza?"

"Kwenye utafiti utatoka, ndiyo. Hospitalini hutoki. Kaa hapo hapo, namwita daktari."

Daktari alikuja na kikombe cha chai mkononi, akakiweka juu ya friji na kukisahau. Alimuuliza swali moja mara tatu kwa namna tofauti: damu ilikuwa juu tu, kwenye karatasi, au imechanganyika? Imechanganyika. Alimwandikia kipimo cha kamera Alhamisi ijayo.

"Daktari, kwa hiyo ni yenyewe?"

"Sijui. Inaweza kuwa bawasiri kweli. Inaweza kuwa vidonda, au vinyama vinavyoota ndani ya utumbo. Inaweza kuwa hiyo unayoiogopa. Mimi na wewe tukikaa hapa mwezi mzima tukikisia, hatutajua. Tunaingia, tunatazama."

Hadi Jumanne alikuja kazini kama kawaida na sikumbuki aliongea nini. Nakumbuka kwamba alinyamaza hata gari lilipokwangua ukuta.

Jumatano, siku moja kabla ya kipimo, alikatazwa chakula, na mchana akaanza kunywa maji ya dawa ya kusafisha utumbo, glasi baada ya glasi, yenye ladha ya chumvi na limau bandia. Baada ya saa moja hakutoka chooni tena. Mkewe alileta kiti akakaa nje ya mlango na pazia la mteja mapajani, akishona pindo kwa mkono. Alikuwa ameambiwa ni kipimo cha kawaida cha utafiti.

"Unaendeleaje?"

"Natoka maji matupu."

"Ndivyo walivyotaka. Wewe ni bomba sasa."

Sindano. Maji. Kisha sauti yake ikapita mlangoni.

"Mke wangu. Kaka hakufa kwa ini."

Sindano ikasimama. Akamweleza yote, mlango ukiwa umefungwa, kaka, sponji, ahadi, damu ya Jumanne, tiki. Alipomaliza alidhani mkewe ameondoka.

"Na mimi," mkewe akasema mwishowe, "mimi ningewaambia nini watu? Kwamba wewe nawe ni ini?"

Kuhusu kipimo chenyewe anakumbuka kidogo. Gauni lililo wazi nyuma, chumba baridi, sindano ya usingizi mwepesi, skrini ambayo alikuwa ameapa hataitazama. Aliitazama. Aliona njia ya rangi ya waridi, inang'aa, ina mikunjo, na akawaza, katika ule usingizi nusu, kwamba hii ndiyo barabara pekee asiyowahi kuipita. Kisha daktari akasema "simama hapo" kwa mtu mwingine, na mguu wa Breki ukakanyaga hewa.

Walimkuta na vinyama viwili. Kimoja kilikuwa kama punje ya mahindi, kingine kama ncha ya kidole gumba. Vyote vikakatwa papo hapo, vikapelekwa maabara. Majibu baada ya siku kumi na mbili.

Siku ya nane kati ya hizo, bila kuniaga, alimpandisha Mkunga ule mlima wa tangi la maji. Kilomita nne hakuna hata kibanda. Mkunga alinisimulia waliporudi: walisimama katikati ya mteremko, Breki akamwambia aondoe gari, uso wake una jasho kuliko wa mwanafunzi. Gari likarudi nyuma kidogo, likazima. Mara ya pili likazima. Mara ya tatu likapanda.

"Hukukanyaga breki yako, mwalimu," Mkunga akamwambia.

"Nilikuwa nimeshika tumbo."

Walipofika juu akachukua kadi na kuipigia mstari ile tiki ya zamani, akaandika pembeni tarehe na herufi zake. Kadi hiyo ninayo. Ni ya kwanza ya namna hiyo katika kabati langu, lakini si ya mwisho. Wiki iliyofuata alirudi kwenye kadi zote za wanafunzi waliobaki.

Majibu yalisema kile kikubwa kilikuwa kimeanza kubadilika. Hakikuwa saratani, lakini kilikuwa njiani. Daktari alirudia sentensi hiyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Breki alisikia neno moja tu. Atarudi kwenye kamera baada ya mwaka. Tumbo lake la siku zote, la kuharisha na kufunga, hilo bado ni lake, watalitibu pole pole. Alidhani amemaliza. Alikuwa ameshasimama.

"Kaka yako ana watoto?" daktari akauliza.

"Watatu."

"Wa kwanza ana miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Wanajua baba yao aliugua nini?"

Anasema hofu iliyompata hapo iliipita ile ya Jumanne. Ile ya kwanza ilikuwa yake peke yake.

Muuguzi alimpa fomu tupu ya maswali kumi na tisa awapelekee watoto hao. Jumamosi alimpitia kwanza shemeji yake, mjane wa kaka, akamwambia ukweli jikoni. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Miaka minne unakula chakula changu," akaingia chumbani akafunga mlango. Breki alisubiri robo saa, mlango haukufunguka. Akatoka peke yake akaenda karakana ya marehemu kaka.

Mtoto wa kwanza wa kaka yake ndiye aliyeirithi. Alimkuta anapima ubao, penseli sikioni.

"Karibu, baba mdogo! Leo umekumbuka kwamba una mtoto huku?"

"Kaa chini kidogo, mwanangu. Nina maneno."

Kijana alivuta kiti akakaa, na Breki akaona sponji. Ile ile, ya kijivu, imechakaa kingo, imefungwa kwa kamba kwenye kiti cha baba yake.

"Hiyo unaikalia ya nini?"

"Hii? Kiti kigumu tu, baba mdogo."

Ni jibu ambalo hata yeye angelitoa. Alimtazama kijana usoni kama anavyotazama barabara, hakuona kitu, na hilo halikumtuliza. Akamwambia kuhusu baba yake, na hakuliita ini. Kijana alishusha penseli sikioni, akaishika mkononi bila kujua afanye nayo nini. Kisha Breki akatandaza fomu juu ya ubao, akaitoa kalamu ya bluu.

"Sasa jaza. Usiteremke. Nitakusomea mimi, moja moja, na hatuendi la pili kabla hujajibu la kwanza."

Walianza. Uzito: hapana. Homa: hapana. Kijana alijibu haraka haraka, akijaribu kutabasamu. Breki alisoma swali lililofuata, la damu.

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

Mguu wa kulia wa Breki ulikuwa umezama kwenye vumbi la mbao. Alijilazimisha kuuinua, akauweka pembeni, akasubiri.

"Baba mdogo," kijana akasema, bila kuinua macho. "Hii wanamaanisha hata kidogo?"

"Hata kidogo," akasema Breki.